Asilimia 70 kwenye mshipa wa shingo: picha ya MRI yenye dawa inapima nini?

Majibu yanapotoka chumba cha picha, macho ya ndugu hukimbilia namba. "Ateri ya shingo upande wa kushoto imebana kwa asilimia 70." Kabla daktari hajavuta kiti, hesabu imeshapigwa: kama imebana 70, basi ubongo wa mzee unapata damu asilimia 30 tu. Jioni habari iko kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kufikia asubuhi imeshakuwa kwamba ubongo wa mzee unakaribia kuzima.

Hesabu hiyo haiko sahihi, na madhara yake si madogo, kwa sababu humfanya mtu aogope lisilo la kuogopa na alipuuze lile linaloua. Namba ile ina maana yake, na ilivyopatikana ni jambo ambalo yeyote anaweza kulielewa akielezwa taratibu. Wanaomuuguza mgonjwa wanastahili kulielewa, maana wao ndio watakaoshika kalamu kusaini karatasi ya upasuaji, au watakaoamua kumrudisha nyumbani.

Mshipa upi?

Kiswahili kimelibebesha neno "mshipa" mizigo mingi. Damu hupita kwenye mshipa, hisia hupita kwenye mshipa, mwenye ngiri husema ana mshipa, na aliyeamka shingo imekakamaa husema kakamatwa na mshipa wa shingo. Ndiyo maana daktari akitamka "mshipa wa shingo umebana", wengi hufikiria yale maumivu ya kukandwa kwa mafuta ya nazi, na wapo wanaokwenda kukandwa kweli.

Weka vidole viwili taratibu pembeni mwa koromeo, upande mmoja tu. Mpigo unaousikia ni wa ateri iitwayo karotidi. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini, na vena ni mshipa unaoirudisha. Karotidi ziko mbili, kulia na kushoto. Kila moja inapofika karibu na usawa wa juu wa koromeo hugawanyika: tawi la nje huenda usoni na kichwani, tawi la ndani hupanda ubongoni na kwenye jicho. Nyuma ya shingo, zikipita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, ziko ateri nyingine mbili zinazosaidia kuulisha ubongo.

Karotidi ikibana kwa utando wa mafuta, haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kuhisi lolote shingoni. Maumivu makali ya ghafla ya shingo yana sababu nyingine, na mojawapo, ingawa si ya kawaida, ni kuchanika kwa ukuta wa ndani wa ateri. Hilo ni la kukimbizwa hospitali, si la kukandwa.

Hatari iko kwenye kinachobanduka

Utando hupenda kujijenga pale pale ateri inapogawanyika. Sababu utaiona ukisimama kando ya mto. Katikati maji yanakwenda moja kwa moja, lakini kwenye kona na njia panda yanazunguka na kulegea, na hapo ndipo takataka hukusanyika. Damu nayo huzunguka kwenye njia panda ya karotidi. Mtu akiwa na presha, kisukari, lehemu nyingi au akivuta sigara, ukuta wa sehemu ile huanza kumeza mafuta. Miaka inapita, mafuta yanachanganyika na kovu na chokaa, na njia ya damu inakuwa nyembamba.

Watu wengi hudhani kiharusi hutokea siku njia inapokuwa nyembamba kiasi kwamba damu inashindwa kupita. Mara nyingi haiwi hivyo. Uso wa ule utando hupasuka, damu inayopita inagandia juu yake, kisha kipande cha damu iliyoganda kinabanduka na kusafirishwa juu hadi kwenye kijateri kidogo ndani ya ubongo, na kukiziba. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na kijateri hicho huanza kufa ndani ya dakika chache.

Kwa upande wa damu kupungua, ubongo una kinga yake. Chini ya ubongo ateri za kulia, za kushoto na za nyuma huungana kwenye duara, mithili ya kipilefti. Duara hilo linabeba jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza wa karne ya 17. Barabara moja ikibana, magari huzunguka kipilefti na kuingilia upande mwingine. Si kila mtu ana duara lililokamilika, lakini wenye duara zima wanaweza kuzibwa karotidi moja kabisa na wasijue.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 70. Inapima upana wa njia. Karotidi ya ndani ina upana wa takriban milimita 5. Ikibana kwa asilimia 70, kinabaki kitundu cha milimita 1.5. Ukipiga hesabu ya eneo la kitundu, kilichobaki ni asilimia 9 tu ya eneo la awali. Kama damu ingekuwa inafuata hesabu ya nyumbani, mzee angekuwa amezimia zamani. Hajazimia kwa sababu damu huongeza kasi inapopita penye wembamba, kama maji ya mpira wa bustani ukiubana kwa kidole gumba, na kwa sababu ateri nyingine zinasaidia. Asilimia 70 si kipimo cha damu anayokosa. Inatuambia jinsi utando ulivyo mkubwa na ulivyo tayari kurusha vipande.

Namba hii ilitoka wapi

Upasuaji wa kufungua karotidi na kukwangua utando ulianza mapema miaka ya 1950. Michael DeBakey aliufanya Houston, Marekani, mwaka 1953, na madaktari wa London wakafuata mwaka 1954. Kwa miongo mitatu ulifanywa kwa maelfu ya watu bila uthibitisho mzito kwamba unawasaidia. Ndipo Henry Barnett, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka London ya Kanada, akaongoza utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uitwao NASCET. Wagonjwa waliokuwa wamepata dalili hivi karibuni waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapasuliwe, wengine watumie dawa tu.

Majibu ya mwaka 1991 yalikuwa wazi kiasi kwamba sehemu ya utafiti ilisimamishwa mapema. Kati ya waliobana asilimia 70 hadi 99, waliotumia dawa pekee walipata kiharusi cha upande ule 26 kati ya 100 ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa walikuwa 9 kati ya 100. Majibu ya mwaka 1998 yakaonyesha kwamba waliobana asilimia 50 hadi 69 walifaidika kwa kiasi kidogo: kwa miaka mitano, karibu 22 kati ya 100 dhidi ya karibu 16. Chini ya asilimia 50 upasuaji haukuwafaa.

Kwa hiyo 70 ni mpaka wa uamuzi. Inajibu swali moja tu: kwa mtu huyu aliyekwisha pata dalili, je, faida ya kisu ni kubwa kuliko hatari yake? Ukiitoa namba hiyo nje ya swali hilo, unaishia kuogopa tarakimu.

Kuna jambo jingine ambalo limewachanganya hata madaktari. Wazungu wa Ulaya walifanya utafiti wao wakati huo huo, uitwao ECST, nao wakapima tofauti. Wa Amerika walilinganisha sehemu nyembamba na ateri nzima iliyo juu yake. Wa Ulaya walilinganisha na upana ambao njia ingekuwa nao pale pale penye utando kabla haujaota, na pale njia panda ateri huwa pana kuliko juu. Chukua mfuko wa gunia uliofungwa kamba katikati: ukilinganisha penye kamba na shingo ya gunia utapata jibu moja, ukilinganisha na tumbo la gunia utapata jibu kubwa zaidi. Asilimia 50 ya Amerika ni kama 70 ya Ulaya, na 70 ya Amerika ni kama 82 ya Ulaya. Mgonjwa ni yule yule, ateri ni ile ile. Siku hizi hospitali nyingi hutumia kipimo cha Amerika, lakini ukipata ripoti mbili zinazopingana, uliza kwanza ilipimwa kwa njia ipi kabla ya kusema mmoja amekosea.

Kutoka mrija hadi sumaku

Tafiti hizo zilipima ateri kwa njia iliyobuniwa na Mreno Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927, ambayo baadaye iliboreshwa: mrija mwembamba unaingizwa kwenye ateri, siku hizi aghalabu kutoka kinenani au mkononi, unasukumwa hadi shingoni, dawa inamwagwa na picha za eksirei zinapigwa. Picha zake ni safi. Tatizo ni kwamba mrija wenyewe unaweza kubandua utando. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliowahusu watu wasio na dalili, kipimo hicho peke yake kilisababisha kiharusi kwa asilimia 1.2 ya waliopimwa. Hebu fikiria mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake kupimwa asije akapata kiharusi, akakipatia kwenye kipimo. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya picha isiyohitaji mrija.

Kipimo cha kwanza kisichotumia mrija ni altrasaundi, mawimbi ya sauti yanayopima kasi ya damu. Ni rahisi, kinapatikana hospitali nyingi, na ndicho kinachostahili kutangulia. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea sana mkono wa anayepima, chokaa kwenye utando huizuia sauti kupita, na hakifiki ndani ya fuvu wala chini kifuani.

MRI hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hapa niseme kwa sauti: MRI haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Mwili wetu sehemu kubwa ni maji, na kila molekuli ya maji ina hidrojeni mbili. Kiini cha hidrojeni hufanya kama sindano ya dira. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku ya Tesla 1.5, ambayo ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko usumaku wa dunia, viini hivyo hujipanga. Wimbi la redio likivipiga, vinayumba. Likikatika, vinarudi kwenye mstari, na katika kurudi vinatoa mlio wa redio ambao kompyuta hugeuza kuwa picha. Viini vya hidrojeni vilivyo kwenye mafuta, msuli au damu hurudi kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hutenganisha kitu na kitu kwenye picha.

Zamani, na hata leo, ateri zilipigwa picha kwa MRI bila dawa yoyote. Ujanja wake ni huu: mashine inapiga mawimbi mfululizo kwenye eneo moja mpaka nyama iliyotulia pale inachoka na kuacha kuitikia, kama wanafunzi walioitwa majina mara kumi. Damu inayoingia ni mgeni, haijachoka, inaitikia kwa sauti, hivyo inang'aa. Njia nzuri, ila inapima mwendo wa damu zaidi kuliko umbo la ateri. Na penye wembamba, damu huzunguka na kuvurugika, mwitikio unapotea, picha inatoa pengo jeusi. Msomaji anaona ateri imekatika wakati njia bado ipo.

Dawa inaongeza nini

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Mmarekani Martin Prince na wenzake walionyesha kwamba tatizo hilo linaweza kukwepwa kwa kuingiza dawa kwenye vena ya mkono na kupiga picha wakati dawa inapopita ndani ya ateri. Dawa hiyo, ambayo hospitalini huitwa kontrasti, imejengwa kwa madini ya gadolini. Wengi huiita "dawa ya rangi". Haina rangi, ni kama maji. Wala mashine haiioni dawa yenyewe: gadolini huyafanya maji ya damu yaliyo karibu nayo yarudi haraka kwenye mstari wa sumaku, na kinachorudi haraka hung'aa. Damu yenye dawa inang'aa iwe inakwenda mbio, inazunguka au imelegea, hivyo umbo la njia linaonekana lilivyo, kuanzia mshipa mkuu unapotoka moyoni hadi lile duara la Willis, kwa mpigo mmoja.

Ugumu wote uko kwenye wakati. Damu ikipanda ubongoni kwa ateri, ndani ya sekunde chache tu inaanza kurudi kwa vena kubwa za shingo zilizolala ubavuni mwa karotidi. Ni kama mpiga picha anayemsubiri bibi harusi mlangoni mwa ukumbi. Akibonyeza mapema, mlango mtupu. Akichelewa, mashangazi na wapambe wamemzunguka na uso hauonekani. Kwa hiyo wahudumu hupima kwanza muda wa dawa kufika shingoni, au huitazama ikifika ndipo mashine ianze. Mashine nayo hupangwa ichukue kwanza taarifa zinazobeba mwanga mkuu wa picha, halafu zile za kingo na undani. Vena zikiwaka sekunde za mwisho, haziharibu sana. Picha yenyewe huchukua chini ya dakika moja, mara nyingi nusu yake. Ukiambiwa usimeze mate wala usitingishe kichwa katika sekunde hizo, ni kwa ajili ya bibi harusi huyo.

Usahihi wake ukoje? Mwaka 2006 Joanna Wardlaw wa Edinburgh na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet mkusanyo wa tafiti zilizolinganisha vipimo visivyo vya mrija. Kwa wembamba wa asilimia 70 hadi 99, MRI yenye dawa iliwatambua 94 kati ya 100 wenye tatizo, na kuwaondolea shaka 93 kati ya 100 wasio nalo. Altrasaundi ilipata 89 na 84. MRI isiyo na dawa ilikuwa karibu sawa na altrasaundi. Kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) chenye dawa kilikuwa kizuri kuwaondolea shaka wasio na tatizo, lakini kiliwakosa wengi wenye tatizo. Ila kwa wembamba wa kati, asilimia 50 hadi 69, vipimo vyote vilipungua makali na taarifa zilikuwa chache.

Sababu moja ya kupungua makali ni rahisi kuiona ukikumbuka kile kitundu cha milimita 1.5. Picha ya MRI imejengwa kwa vijisanduku, kila kimoja takriban milimita moja au pungufu kidogo. Kitundu kizima kinaingia kwenye kijisanduku kimoja na nusu, labda viwili. Kijisanduku kinachoangukia nusu kwenye damu na nusu kwenye ukuta hupata rangi ya wastani, si nyeupe si nyeusi, na msomaji lazima aamue mpaka uko wapi. Kosa la kijisanduku kimoja linaweza kuisogeza 60 ikawa 75. Kwa kawaida kosa huelekea upande wa kuzidisha, ateri kuonekana imebana kuliko ilivyo. Ndiyo maana siamini ripoti inayotaja asilimia 68 kana kwamba imepimwa kwa rula ya fundi seremala. Kliniki nyingi zinazojua kazi zao hudai vipimo viwili, mara nyingi altrasaundi na MRI yenye dawa. Vikikubaliana, wanaendelea. Vikipingana, wanatafuta cha tatu kabla ya kushika kisu.

MRI yenye dawa inasaidia sana pia kwenye swali ambalo familia hulielewa kinyume. Ripoti ikisema ateri "imeziba kabisa", nyumbani huchukuliwa kuwa ndiyo hali mbaya kuliko zote na inayohitaji upasuaji wa haraka. Kinyume chake, ateri iliyokwisha ziba asilimia 100 kwa kawaida haipasuliwi, kwa kuwa hakuna tena damu inayopita kubeba vipande. Iliyobakiwa na uzi mwembamba wa damu ndiyo inayohitaji kufikiriwa upya, kwani juu ya uzi huo ateri yote hunywea na ile kanuni ya kulinganisha huharibika. Kutofautisha uzi na kuziba kabisa ni kazi ambayo picha isiyo na dawa hushindwa mara nyingi.

Je, dawa hiyo ina sumu?

Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, kwa kuwa ukubwa wa chembe zake unakaribiana na wa kalsiamu na inaweza kuvuruga kazi za kalsiamu mwilini. Kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine, kama samaki ndani ya dema, na hutoka kwa mkojo ikiwa bado imefungwa. Mtu mwenye figo nzima hutoa nusu yake ndani ya saa mbili hivi.

Kwenye figo zilizochoka dawa hukaa muda mrefu, na molekuli dhaifu zinaweza kuiachia gadolini. Mwaka 2006 madaktari walihusisha dawa hizi na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa watu wenye figo zilizoharibika vibaya. Ni ugonjwa mbaya, na tahadhari iliyofuata ilikuwa ya haki. Tangu hapo hospitali nyingi zimehamia dawa ambazo gadolini imefungiwa ndani ya pete, zisizoiachia kirahisi, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisimamisha nyingi za zile zilizo wazi. Ugonjwa ule sasa ni nadra mno. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha pia kwamba kiasi kidogo cha gadolini hubaki ubongoni kwa watu waliopewa dawa mara nyingi. Madhara yake hayajathibitishwa, lakini ni sababu ya kutosha kutoitoa dawa bila kazi maalumu.

Mgonjwa wa kisukari au presha ya miaka mingi apimwe kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na aseme ukweli kama anasafishwa figo. Mjamzito huepushwa na dawa hii isipokuwa pana lazima. Anayenyonyesha anaweza kuendelea. Mzio upo, mara chache sana mkali, kwa hiyo aliyewahi kudhurika na dawa ya picha aseme kabla ya kuchomwa.

Kinachoweza kukudhuru zaidi chumbani mle ni sumaku, ambayo haizimwi hata usiku. Mwenye betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, au aliyewahi kurukiwa na cheche za chuma jichoni kwenye gereji au karakana ya kuchomelea, lazima aseme, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Pini za mtandio, vibanio ndani ya nywele bandia, bangili, na hirizi iliyoshonewa kitu cha chuma vinabaki nje. Wahudumu wamezoea kuziona hirizi, hakuna haja ya kuificha ndani ya nguo.

Nani anaihitaji

Aliyepata dalili. Uso kupinda, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, au jicho moja kufunikwa kama pazia jeusi limeshushwa, hata kama vimedumu dakika kumi vikaondoka. Dalili za mwilini hujitokeza upande ulio kinyume na ateri mbovu, za jichoni upande ule ule. Zikiondoka, watu husema upepo ulimpitia na umekwenda zake. Ukweli ni kwamba kipande kidogo kiliziba njia kisha kikayeyuka chenyewe, na kingine kinaweza kuwa njiani.

Asiye na dalili yoyote hana haja ya kwenda kuomba MRI ya shingo kwa sababu jirani amepooza. Jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilirudia mwaka 2021 kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe ovyo, kwa kuwa madhara ya kufuatilia majibu ya uongo yanazidi faida. Kwetu kuna sababu ya ziada. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai na 315.9 jijini Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Hizo za Dar ni kubwa mno. Lakini tafiti za Marekani zimekuwa zikionyesha kwamba kubana kwa karotidi ya shingoni huwapata watu weusi mara chache kuliko weupe, ambapo mishipa ya ndani ya fuvu na ile midogo inayoharibiwa na presha huchukua nafasi kubwa. Mashine ya kupima presha kwenye zahanati itaokoa watu wengi zaidi kuliko sumaku yoyote, na nasema hivyo nikiipenda MRI.

Kwa yule aliyepata dalili, saa inakwenda. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliounganisha tafiti za Amerika na Ulaya ulionyesha kwamba kati ya waliobana asilimia 50 na zaidi, wakipasuliwa ndani ya wiki mbili tangu dalili, kila watu 5 wanaopasuliwa mmoja huokolewa na kiharusi katika miaka mitano. Wakipasuliwa baada ya wiki 12, inabidi kuwapasua watu 125 ili kumwokoa mmoja. MRI zetu ziko kwenye hospitali kubwa za miji michache, na foleni peke yake inaweza kuzila wiki hizo mbili. Kwa hiyo aspirini au dawa nyingine atakayoandika daktari, dawa ya lehemu na ya presha zianze mara CT ya kichwa ikishaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, altrasaundi ifanyike hapo hapo ilipo, na kwenye barua ya rufaa iandikwe kwa herufi kubwa, juu kabisa, siku na saa dalili ya kwanza ilipoanza.